Maradhi ya Tezi Dume na Njia za Kuyatibu Pasipo Kisu Kikubwa



  Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena hapa London tukiwa wazima, na pili naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii ya kuzungumza mbele yenu.

Katika mikutano iliyopita tumezungumzia nasaba ya ukoo wetu, elimu ya watoto, na gharama za mazishi ughaibuni. Leo naomba ruhusa nizungumzie jambo ambalo wanaume wa ukoo huu hulinong'ona wakiwa wawili, kisha hunyamaza akitokea wa tatu. Jambo lenyewe ni kukua kwa tezi dume, na njia mbalimbali za kulitibu. Naomba radhi mapema kwa wale watakaoona kwamba maneno haya hayafai kutamkwa mbele ya watoto na wakwe. Nimejitahidi kuchagua lugha ya staha, lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimi si tabibu. Nilikuwa mtumishi wa serikali huko Dar es Salaam, na baada ya kuhamia hapa mwaka 1994 nilifanya kazi katika halmashauri moja ya jiji hili hadi kustaafu. Kazi yangu aghalabu ilikuwa kusoma majalada marefu, kulinganisha mapendekezo, na kumwandikia mkubwa wangu ukurasa mmoja utakaomwezesha kuamua. Ndivyo nitakavyofanya leo. Uamuzi unaotukabili ni wa aina mbili. Mmoja ni wangu mwenyewe, kwa kuwa maradhi haya ninayo. Wa pili ni wa ukoo mzima, kwa kuwa kaka yangu aliyeko Tanga, ambaye wengi wenu mnamwita Baba Mkubwa, anaishi na mpira wa mkojo kwa mwezi wa saba sasa, na mfuko wetu wa matibabu umeombwa umsaidie. Nilimwomba idhini ya kumtaja. Alinijibu kwenye simu: "Sema, mdogo wangu, ili wenzangu wasikae kimya kama nilivyokaa mimi."

Tezi dume ni kiungo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo hupita katikati yake kama uzi upitavyo katika shanga. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za uzazi. Kwa kijana ukubwa wake ni kadiri ya mililita 20. Mwanamume akivuka miaka arobaini tezi huanza kukua polepole. Wafikapo miaka hamsini kwenda sitini, takriban nusu ya wanaume huwa nayo iliyokua, na wafikapo themanini walio wengi huwa nayo. Tezi ikikua huubana mrija, na kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo mtu huamka usiku mara tatu au nne, husimama chooni akingoja, hupata mkojo mwembamba unaokatika, na akitoka huhisi bado haujaisha. Hali hii si busha, si ngiri, si ugonjwa wa zinaa, wala si kazi ya mtu mbaya. Tena si saratani, na haigeuki kuwa saratani.

Hata hivyo, madhara yake katika maisha ya mtu si madogo. Wapo wazee wetu walioacha kwenda msikitini kwa hofu ya matone yatakayotengua udhu. Wapo walioacha safari za mbali, na wapo wanaokijua kila choo kati ya Stratford na Oxford Circus. Wengine hupunguza kunywa maji mchana kutwa, jambo ambalo halitibu chochote bali huufanya mkojo uwe mkali zaidi. La hatari kuliko yote ni mkojo kufunga kabisa. Mtu akishindwa kukojoa ilhali kibofu kimejaa na kinauma, asingoje asubuhi wala asimtafute mganga. Aende hospitali, idara ya dharura, saa hiyohiyo. Ukiachwa kwa muda mrefu, mkojo uliozuiliwa huweza kuharibu figo.

Mnakumbuka kwamba tarehe 17 Januari 2024 kasri la Buckingham lilitangaza kuwa Mfalme Charles angelazwa kutibiwa tezi dume iliyokua. Alikuwa na umri wa miaka 75. Aliingia hospitali ya The London Clinic tarehe 26 na kutoka tarehe 29 mwezi huohuo. Siku ya tangazo, ukurasa wa NHS unaoeleza maradhi haya ulitembelewa zaidi ya mara kumi kuliko siku iliyotangulia. Wanaume walikuwa na maswali tangu zamani. Walichokosa ni ruhusa ya kuuliza. Kisha tarehe 5 Februari ikatangazwa kwamba katika matibabu hayo imegunduliwa saratani, wala haikuwa ya tezi dume. Tunajifunza kwamba aendaye kwa daktari kwa jambo moja huweza kuokolewa katika jambo jingine.

Hapa sina budi kusema neno juu ya saratani. Ingawa kukua kwa tezi si saratani, mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili, na dalili zikafanana. Nchini Uingereza mwanamume mmoja katika kila wanane hupata saratani ya tezi dume maishani mwake. Kwa wanaume weusi ni mmoja katika kila wanne. Kwa hiyo kabla ya kuchagua tiba yoyote, kila mmoja wetu amwombe daktari wake wa mtaa, yaani GP, kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hapa Uingereza mwanamume aliyetimiza miaka 50 anaweza kukiomba bila malipo baada ya kuzungumza na daktari, na kwa sisi weusi hushauriwa kuanza mazungumzo hayo tangu miaka 45. Nanyi wenye baba au kaka aliyepata saratani hiyo, msikae mkingoja dalili.

Hatua ya kwanza ya tiba aghalabu ni kubadili mazoea: kupunguza chai, kahawa na vinywaji vyote nyakati za jioni, na kujihadhari na baadhi ya dawa za mafua na mzio ambazo huweza kuufunga mkojo. Hatua ya pili ni vidonge. Vipo viitwavyo tamsulosin, ambavyo hulegeza misuli ya njia ya mkojo na kuleta nafuu katika siku chache, ila huweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama. Vipo viitwavyo finasteride, ambavyo huipunguza tezi yenyewe, lakini huchukua hata miezi sita, na huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Wazee wangu, shikeni mambo mawili. Anayetumia tamsulosin amwambie daktari wa macho kabla ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwani dawa hiyo hulegeza mboni. Na anayetumia finasteride ajue kwamba baada ya miezi kadhaa kipimo cha PSA hushuka hadi karibu nusu. Daktari asiyejua huweza kudanganywa na nambari ndogo.

Vidonge visipotosha, ndipo huja upasuaji. Jiji hili lina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1900, katika hospitali ya St Peter's, daktari Peter Freyer, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa amerejea baada ya utumishi mrefu India, alianza kuitoa tezi iliyokua kwa kupasua tumbo na kupitia ndani ya kibofu. Upasuaji wa namna hiyo bado hufanywa Afrika Mashariki mpaka leo, hasa kwa tezi kubwa. Baadaye ikaja njia ya kukwangua tezi kutoka ndani, kwa chombo kinachoingizwa kupitia njia ya mkojo, bila jeraha la nje. Hii ndiyo iitwayo TURP, na kwa miongo mingi imekuwa kipimo cha kupimia njia nyingine zote. Hutoa nafuu kubwa na ya kudumu. Gharama yake ni kulazwa siku moja hadi tatu, uwezekano wa kutoka damu, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaume, wafikapo kileleni, manii hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka. Raha haiondoki na nguvu za kiume kwa walio wengi hubaki, ila uwezo wa kutungisha mimba hupungua sana. Ipo pia njia ya leza iitwayo HoLEP, ambayo huimenya tezi kutoka ganda lake kama chungwa. Hiyo inafaa hata kwa tezi kubwa sana, na matokeo yake hudumu, lakini nayo hurudisha manii nyuma.

Sasa niingie katika njia mpya zenye jeraha dogo zaidi. Zipo kadhaa, nitaeleza tatu ambazo mgonjwa wa London anaweza kutajiwa.

Ya kwanza huitwa UroLift. Daktari huingiza vibanio vidogo vinavyoivuta tezi pembeni na kuufungua mrija, mfano wa mapazia yanayofungwa kando ya dirisha. Hakuna kinachokatwa. Mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani siku ileile, wengi bila mpira, na manii hutoka kama kawaida. Taasisi ya NICE, inayoishauri NHS, iliipendekeza mwaka 2015, kwa tezi isiyo kubwa sana. Katika utafiti wake mashuhuri, dalili zilipungua kwa asilimia 36 baada ya miaka mitano, na takriban wagonjwa 14 katika kila 100 walihitaji kufanyiwa tena upasuaji katika kipindi hicho.

Ya pili huitwa Rezum. Daktari huchoma sindano ndani ya tezi na kupuliza mvuke wa maji kwa sekunde tisa kila mahali. Mvuke huua chembe zilizozidi, na mwili huziondoa polepole kwa wiki kadhaa. NICE iliipendekeza mwaka 2020, kwa tezi za mililita 30 hadi 80. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile, lakini hukaa na mpira kwa siku kadhaa, huhisi kuunguzwa akikojoa, na nafuu kamili huja baada ya miezi miwili au mitatu. Utafiti wake ulionyesha dalili zimepungua kwa asilimia 48 baada ya miaka mitano, na wagonjwa wapatao wanne tu katika 100 walihitaji upasuaji tena. Kwa walio wengi manii huendelea kutoka.

Ya tatu ni kuziba mishipa ya damu inayoilisha tezi. Hii hafanyi mpasuaji bali daktari wa picha. Hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, akiuona kwa eksirei, kisha humwaga chembechembe ndogo zinazoziba mishipa, na tezi husinyaa. Mgonjwa huwa macho. Yafaa hata tezi ikiwa kubwa, na hufikiriwa kwa mtu asiyeweza kustahimili upasuaji. NICE iliikubali mwaka 2018. Katika utafiti uliofanyika hospitali 17 za Uingereza, alama za dalili zilishuka kwa 10 hivi baada ya mwaka mmoja, ilhali waliokwanguliwa kwa TURP zilishuka kwa 15.

Alama hizo ni zipi? Mgonjwa hujibu maswali saba, kila moja likiwa na alama sifuri hadi tano, jumla 35. Alama saba au chini yake ni dalili nyepesi. Kuanzia nane ni za wastani, na kuanzia 20 ni kali. Kisha huulizwa swali la nane, nalo kwangu ndilo kubwa: kama ungeishi maisha yako yote yaliyobaki na hali hii kama ilivyo leo, ungejisikiaje? Mtu ajibu swali hilo nyumbani kabla ya kumwona daktari, tena amsikilize mkewe, maana mke ndiye aijuaye hesabu ya usiku.

Ndugu zangu, mtumishi wa serikali hufundishwa kutochanganya hesabu za majalada mawili. Asilimia ya UroLift na ya Rezum nilizozitaja zimetoka katika tafiti mbili tofauti, zenye wagonjwa tofauti. Hazikushindanishwa uwanja mmoja. Zinaelekeza, hazihukumu. Tena tusishangilie kila kipya kwa upya wake. Katika miaka ya 1990 mashine za kuichoma tezi kwa mawimbi ya mikrowevu zilisifiwa sana. Mwaka 2010 NICE iliwaambia madaktari wasiwape wagonjwa njia hizo badala ya kukwangua. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza daktari ni manne. Nafuu ni kubwa kiasi gani? Itadumu miaka mingapi? Itagusa vipi maisha yangu ya ndoa? Na likitokea tatizo baada ya tiba, nani atanihudumia, wapi, na kwa gharama gani?

Kwa kipimo cha maswali hayo nieleze uamuzi wangu. Tezi yangu ni mililita 48, alama zangu ni 22, PSA yangu imechunguzwa na daktari bingwa ameridhika. Vidonge vilinipa kizunguzungu, na umri wangu hauvumilii kuanguka ngazini usiku. Mke wangu nami tulikaa mezani tukaandika majibu yetu kila mtu kwenye karatasi yake. Yeye aliandika kwamba angependa nilale. Mimi niliandika kwamba nisingependa kubadilika katika ndoa kama yawezekana. Nimechagua mvuke. Najua nafuu yake ni ndogo kuliko ya kukwangua, na najua nitavumilia mpira kwa siku kadhaa. Lakini ninaishi mwendo wa dakika ishirini kutoka hospitali, na ikibidi kurudia, mlango u wazi.

Hali ya Baba Mkubwa ni nyingine, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, maana mkutano huu utapiga kura. Wapo miongoni mwetu wanaotaka aletwe London apate tiba hizi za kisasa. Nia yao ni njema, lakini hesabu zinakataa. Tezi yake imepimwa na kuzidi mililita 100, nje ya mipaka ya mvuke, na kubwa mno kwa vibanio. Pili, mgeni ajaye kwa ziara kutoka nchi kama yetu hutozwa na hospitali za NHS za hapa asilimia 150 ya bei ya kawaida, na tiba isiyo ya dharura hulipiwa kabla. Tatu, akirudi Tanga nani atamfuatilia? Mtu mwenye tezi kubwa na mpira wa miezi saba anahitaji tiba moja ya uhakika, si tiba nyepesi inayoweza kurudiwa.

Kwa hiyo napendekeza mfuko ugharimie atibiwe Tanzania, na daktari bingwa wa njia ya mkojo, ama Muhimbili ama KCMC Moshi. Kwanza apimwe figo, PSA na maambukizi, kisha madaktari wachague kati ya kukwangua na kupasua. Fedha zitoshe pia nauli na malazi ya kijana atakayemuuguza, na wapwa zetu walioko huko wajiandae kuchangia damu. Nimemweleza kaka kwamba njia zote mbili huweza kurudisha manii nyuma. Alicheka, akasema watoto saba wanamtosha. Anachotaka ni kulala usiku mmoja bila mpira. Mwenye mwili amekwisha sema, nasi kazi yetu ni kuwezesha.

Mwisho, naomba kila mwanamume aliyemo ukumbini aliyetimiza miaka 45 aondoke na azimio la kumpigia GP wake wiki ijayo, na kila mama amkumbushe wa kwake. Karatasi zenye yale maswali manane nimeziweka kwenye meza ya chakula, zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Vijana wachukue wawapelekee baba zao ambao hawakufika.

 Mwenyekiti, naomba sasa hoja ya Baba Mkubwa ijadiliwe.